Kungoja Si Kusubiri

Jumatatu, 4 Machi

Puu. Sauti ya muhuri wa mpira ukitua kwenye kadi. Niliisikia asubuhi na jioni hii bado iko sikioni, nimekaa kitandani na viatu sijavua. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama ya mtu anayefunga mlango wa chumba ambacho ndani bado kuna mtu.

Kadi ilikuwa yangu. Neno lilikuwa "ngoja". Muhuri ulisema TAZ. Yaani tazama. Yaani msomaji asipoteze muda wake hapa, aende kwenye "subiri" akasome huko.

Niandike kwa utaratibu, maana hasira inaniharibia mwandiko. Nafanya kazi kwenye chumba cha kamusi. Ghorofa ya tatu, makabati ya chuma, vumbi la kadi zilizoandikwa kabla sijazaliwa, lifti inayopanda ikijisikia. Niko kwa majaribio. Mwenzangu wa majaribio anakaa dirishani na tunamwita Kalamu Mbili kwa sababu ya mfuko wa shati lake: nyekundu ya kufutia, na ya buluu ambayo sijawahi kuiona ikiandika. Mwisho wa wiki hii mmoja wetu atapewa kiti cha kudumu. Mwingine atapewa mkono wa kwaheri. Anayeamua ni mhariri mkuu. Tunamwita Bi Nukta, kwa kuwa akishasema, sentensi imekwisha.

Toleo jipya la kamusi linatakiwa kuwa jembamba. Mchapishaji amesema kitabu kikizidi unene fulani gundi haishiki. Kwa hiyo visawe viunganishwe: maneno mawili yenye maana moja, moja libaki na maelezo yake, la pili lipigwe muhuri. Kalamu Mbili amefurahi kama mtu aliyekabidhiwa panga na shamba la jirani. La kwanza kulifyeka likawa langu.

Nilisimama. Nikasema hakuna maneno mawili yenye maana moja. Nikasema maana ya neno haikai ndani ya neno kama jiwe mfukoni. Neno lina majirani, na maana yake ni ile nafasi waliyoliachia majirani. Ukimfukuza mmoja, wa pembeni ananenepa na nyumba nzima inabanana. Hotuba hiyo niliiandaa bafuni. Bafuni ilisikika vizuri zaidi.

Kalamu Mbili akainua mkono kwa adabu, akataka kujua kama dada pale aliposimama anatungoja au anatusubiri. Chumba kizima kikacheka. Karani alicheka mpaka akatafuta leso.

Bi Nukta hakucheka. Akasema kama nina uhakika, kadi iandikwe upya bila muhuri, na neno liende Kikao cha Nyuso siku ya Alhamisi. Atakayeonekana ana sikio, mimi au mwenzangu, ndiye mwenye kiti.

Kikao cha Nyuso ni desturi ya chumba chetu. Mlinzi anaokota watu watano mlangoni, wasiojua lolote kuhusu kamusi. Wanaahidiwa chai, wanapangwa kwenye viti. Karani anawasomea sentensi. Katika baadhi ya sentensi neno limeondolewa na kisawe chake kimewekwa badala yake. Hawaambiwi ni wapi. Bi Nukta hatazami karatasi, anatazama nyuso. Uso mmoja ukikunjika, sentensi ile inarudiwa baadaye, imechanganywa na nyingine. Ukikunjika tena palepale, maneno hayo si mamoja na muhuri haugusi kitu. Bi Nukta husema watu hudanganya kwa mdomo juu ya lugha yao, lakini paji la uso halijui kudanganya.

Vizuri. Twende huko kwenye nyuso.

Jumanne, 5 Machi

Mkakati wa kwanza: anayetaka kujua maana ya kungoja aende kwa wanaongoja. Niliomba ruhusa nimsindikize Shangazi kliniki ya macho. Shangazi ni dada wa baba yangu, fundi cherehani, na mimi naishi kwake tangu nianze masomo. Kadi zangu zilikuwa mkobani. Benchi lilikuwa limejaa. Nikaona utajiri wote ule umekaa bure.

Nikamwanza mzee mwenye gazeti. Nikamwamkia, nikamuuliza kama anangoja au anasubiri. Akasema anafanya yote mawili, na kama nina njia ya kumwingiza kwa daktari mapema nimwambie, hatamwambia mtu. Nikamhamia mama wa pembeni yake. Akasema yeye amekaa tu. Nikamuuliza amekaa kwa namna gani. Akasogeza pochi yake upande wa pili.

Wa tatu alikuwa kijana wa miwani ya giza. Akasema anajua nimetumwa na uongozi kupima malalamiko, basi niandike kwamba choo cha wanaume hakifungi. Hapo benchi likaamka. Kila mtu na lake. Dirisha, feni, mhudumu wa mapokezi anayejibu watu kwa nyusi. Niliwaambia mimi nashughulika na maana. Wakasema ndiyo, nini maana ya kukaa hapa tangu asubuhi.

Muuguzi akatoka. Akaniuliza kama nimeandikishwa. Nikamwambia mimi ni mtafiti wa maana za maneno. Akanitazama kwa upole, akasema wagonjwa wa akili wanaonwa jengo la nyuma, nipite pale kwenye tangi la maji.

Shangazi alitoka kliniki akitembea mbele yangu, mwendo wa mtu asiyenijua. Tulipofika nyumbani ndipo akaongea. We mtoto, watu macho yanawauma, unakwenda kuwauliza wanangoja au wanasubiri? Ungewauliza hata wameamkaje.

Mchana nikarudi ofisini. Kalamu Mbili alikuwa kwenye simu. Akamwambia mtu wa upande wa pili asubiri kidogo. Kisha akasema samahani, angoje. Kisha akasema hana uhakika, kuna dada hapa ni mtaalamu, amuulize. Tangu hapo ofisi nzima imeambukizwa. Karani amebandika mlangoni pa stoo karatasi inayosema: TAFADHALI NGOJA AU SUBIRI.

Lakini siku haikwenda bure. Nilipokuwa napita kwa kinyozi, watu wawili walikuwa wanagombana, na mmoja akamwambia mwenzake: wewe ningoje hapohapo. Nikasimama katikati ya barabara. Yule mtu hakumaanisha subira hata chembe. Baiskeli ikanikwepa, mwenyewe akanitaja mimi na ukoo wangu. Sikujali. Nilikuwa nimepata sentensi yangu.

"Jirani alimngoja mlangoni, fimbo mkononi." Sasa weka kisawe. "Jirani alimsubiri mlangoni, fimbo mkononi." Huyo wa pili ni jirani gani? Ameegemea fimbo yake, ametulia, labda ana kikombe cha chai. Subira imo ndani ya neno lile na haitoki hata umpe mtu rungu. Nimeisoma mbele ya kioo. Uso wangu umekunjika wenyewe.

Jumatano, 6 Machi

Sentensi ni nzuri. Ninachotilia shaka ni nyuso.

Nimelala nikizifikiria. Mlinzi ataokota nani? Anaweza kuokota watu watano wenye usingizi. Anaweza kuokota mtu mwenye ganzi baada ya kung'olewa jino. Miaka yote ya masomo yangu ining'inie kwenye paji la uso la mpita njia? Hapana. Ukweli ukiwa na mashaka ya kuonekana, usaidiwe.

Mkakati wa pili: Shangazi.

Hajawahi kufika ofisini kwangu. Hakuna anayemjua. Kesho asubuhi asimame karibu na mlango na mkoba wake kama mtu anayetafuta anwani, mlinzi amwokote. Akae kwenye kiti. Isomwe sentensi ya jirani, akunje uso. Irudiwe, akunje tena. Kazi imekwisha, neno limepona, kiti ni changu.

Nilimweleza jioni alipokuwa anapinda gauni la mteja. Hakupinga. Alitaka tu kujua neno lenyewe limemkosea nini hata alikunjie uso. Nikasema halijamkosea, ndiyo maana tunalitetea. Akasema basi si angelichekea?

Tukaanza mazoezi. Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo nimeishi nalo nyumba moja bila kuliona. Uso wa Shangazi haukunjiki. Kazi yake yote anaifanya na pini midomoni. Amekaa na pini midomoni tangu ujana wake. Fundi mwenye pini midomoni akikunja uso anajichoma, kwa hiyo uso umejifunza kutulia, na sasa umesahau namna nyingine. Nilimsomea sentensi ya jirani. Kimya. Kama nimemsomea ukuta. Nilimsomea kwa sauti ya huzuni, kwa sauti ya hakimu. Akasema anasikia vizuri, nisipige kelele.

Nikamwambia afikirie limau. Akasema anapenda limau. Nikamwambia afikirie yule mteja aliyerudisha suruali mara tatu akidai mguu mmoja ni mrefu. Ah. Nyusi moja ikasogea. Tukaanzia hapo. Nyusi ya pili ikafuata. Kufikia wakati wa kula alikuwa anaweza kuukunja uso wote kwa pamoja, pua hadi kidevu, na akawa amependezwa nao. Akaenda kujitazama kwenye kioo cha wateja. Akarudi akasema kumbe alikuwa anajinyima.

Tatizo lililobaki: hawezi kukumbuka sentensi. Kila sentensi yenye jirani anaikunjia uso, kila yenye mlango pia. Nikaamua asisikilize kabisa. Mimi nitakohoa. Nikikohoa, akunje. Nisipokohoa, atulie. Akasema hilo hata mtoto analiweza.

Aliniuliza jambo moja wakati wa kulala. Kama hilo neno liko tofauti kweli kama ninavyosema, kwa nini nisiwaache hao watu wakunje wenyewe? Nikamwambia haelewi mambo ya utafiti.

Alhamisi, 7 Machi

Niandike haraka kabla sijabadilisha mawazo kuhusu kuandika.

Asubuhi ilikwenda kama nilivyoipanga. Mlinzi alimwokota Shangazi wa kwanza kabisa, kwa sababu alikuwa amesimama mbele yake akimtazama. Wakapatikana na wengine: mama mmoja aliyekuwa anatafuta ofisi ya bima, iliyo ghorofa ya pili, fundi wa lifti, ambaye alikuwa tayari ndani ya lifti, mwanafunzi mwenye begi, na mwanamume mpana wa shati la kijani. Wakapangwa kwenye viti. Shangazi alikaa katikati, mkoba mapajani, uso laini kama sahani.

Mimi na Kalamu Mbili tulisimama nyuma ya Bi Nukta. Mwenzangu alikuwa ametulia mno. Hilo lingenishtua kama ningekuwa na nafasi ya kushtuka.

Karani akafungua kabati kutoa karatasi za sentensi. Na kabati likatoa vumbi.

Sikulifikiria vumbi. Nimekaa na vumbi hilo miezi, nimelivuta, nimelizoea, nimelisahau. Karani akakohoa. Shangazi akakunja uso, wote, pua hadi kidevu. Karani akasema samahani, akasoma sentensi ya kwanza: "Jua limechomoza." Mwanafunzi akakohoa. Shangazi akakunja. Bi Nukta akaandika kitu. "Mtoto amelala." Kalamu Mbili akakohoa. Shangazi akakunja, na safari hii akatikisa kichwa, jambo ambalo hatukulifanyia mazoezi. Nadhani alikuwa anaongeza chumvi kwa mapenzi yake.

Nilijaribu kumpa ishara ya kuacha. Nilimtolea macho. Akaelewa kwamba hafanyi vya kutosha.

Ikaja sentensi yangu. "Jirani alimsubiri mlangoni, fimbo mkononi." Nilikuwa nimeziba mdomo kwa mkono, naapa, na vumbi likaingia mkononi humo humo. Nikakohoa. Shangazi akakunja uso hata fundi wa lifti akamshika bega, akamuuliza kama anaumwa. Karani akasimamisha usomaji. Maji yakaletwa. Shangazi akayanywa, akashukuru, akanitazama juu ya glasi, akanikonyeza.

Ikaendelea hivyo. Alizikunjia uso sentensi zote, zenye visawe na zisizo na visawe. Aliikunjia "Karibuni wageni." Sentensi yangu iliporudiwa aliikunjia pia, lakini wakati huo hakuna aliyemtazama tena isipokuwa mwanafunzi, aliyesogeza kiti.

Na mtu wa shati la kijani? Huyo hakukunja kitu chochote. Mguu wa kiti cha fundi wa lifti ulikanyaga kidole chake cha mguu, nikauona kwa macho yangu, na machozi yakamlenga, na uso ukabaki kama mlango uliofungwa. Bi Nukta naye aliuona.

Usomaji ulipokwisha, Bi Nukta akawashukuru. Akamuuliza mtu wa shati la kijani kama anamjua yeyote humu chumbani. Yule bwana akamtazama Kalamu Mbili, akasema kwa unyonge: shemeji, nimebaki hivyo hivyo kama ulivyoniambia. Ni mume wa dada yake. Alikuwa amefundishwa siku mbili asitikisike.

Ningecheka. Nilikuwa nimeanza kucheka. Lakini Shangazi akasimama, akajinyoosha gauni, akaniuliza mbele ya watu wote: mwanangu, nimekunja vizuri?

Bi Nukta akafunga kalamu yake. Akasema kikao kimebatilika.

Haya, niandike na lile lililobaki, ingawa silitaki. Yule mama wa bima. Alikuwa amekaa pembeni kabisa, hakujua lolote, alikuwa anafikiria bima yake. Sentensi ya jirani iliposomwa mara ya kwanza, paji lake likakunjika. Iliporudiwa, likakunjika palepale. Kwingine kote lilikuwa limetulia. Bi Nukta alimuuliza wakati wa chai. Akasema hajui, kuna neno lilimkwaruza tu, halikukaa vizuri. Uso mmoja, mara mbili. Ndivyo sheria inavyotaka.

Lakini kikao kilichobatilika hakina nyuso. Bi Nukta alinieleza hivyo kwenye ngazi, taratibu, akinitazama. Kisha akapanda. Lifti ilikuwa bado haijapona.

Ijumaa, 8 Machi

Niliitwa wa kwanza. Nilikuwa nimejiandaa kuondoka nikiwa nimeinua kichwa. Nimevaa gauni la kola, alilonishonea Shangazi. Yeye mwenyewe alinisindikiza hadi kituoni akisema anaweza kuja kumweleza bosi wangu kwamba kosa lilikuwa la vumbi. Nikamwambia abaki na pini zake.

Bi Nukta aliniuliza kwa nini nilimleta shangazi yangu. Nikasema kwa sababu neno lile lina haki ya kuishi, na sikuwa tayari kuliacha mikononi mwa wapita njia. Akasema wapita njia ndio wenye neno. Nikasema wenye nyumba nao wakati mwingine huhitaji wakili. Akasema yule mama wa bima alikuwa ameshalitetea bure, bila wakili, na wakili ndiye aliyemharibia ushahidi.

Nilikuwa na jibu. Sikulitoa. Nitaliandika hapa: mtu hawezi kulaumiwa kwa kutojua kwamba tayari ameshashinda.

Kisha likaja jambo nisilolitarajia. Akasema sote wawili tumefanya udanganyifu, na kwa haki sote tungeondoka leo. Lakini kazi ipo na wa kuifanya ni wachache. Akasema amepima usiku kucha na kuona kwamba anayedanganya ili neno lisife ana nafuu kidogo kuliko anayedanganya ili life. Kidogo, akarudia. Kiti ni changu.

Masharti mawili. La kwanza, "ngoja" linapigwa muhuri, na nitaupiga mimi mwenyewe. Katika toleo lijalo, nikiwa na kikao safi, linaweza kurudi. La pili, nijifunze kumuuliza mtu mwingine kabla sijatenda. Mtu yeyote, akasema. Hata mlinzi.

Nikasema ndiyo. Nikaupiga muhuri mbele yake. Nilipiga kwa mkono wa kushoto, ili historia ijue.

Kalamu Mbili aliaga mchana. Nilidhani atanirushia dongo. Alikuja mezani kwangu, akaniambia dada, hongera, sasa endelea na hicho chako, sijui ni kungoja au kusubiri. Nikasema kungoja. Akacheka, na safari hii nilicheka naye, kwa bahati mbaya. Amepata kazi kwenye gazeti. Watampenda. Huko wanakata kila kitu.

Jumatatu, 11 Machi

Siku ya kwanza kwenye kiti cha kudumu. Ni kiti kilekile, ila sasa kinalia nikikigeuza.

Nimekihamishia dirishani, alipokuwa anakaa Kalamu Mbili. Kutoka hapa naona paa la stoo, na watu wa ofisi ya bima, ambao mstari wao umefika hadi barabarani. Wanangoja. Hata kutoka ghorofa ya tatu inaonekana kabisa kwamba wanangoja. Hakuna hata mmoja anayesubiri.

Nilitimiza sharti la pili mara mbili leo. Nilimuuliza Karani kama nihamishe kabati karibu na ukuta. Akasema nisihamishe. Sikuhamisha. Nilimuuliza mlinzi kama mvua itanyesha. Nadhani huo ni mwanzo mzuri wa kuwa mtu mpya.

Mchana Bi Nukta aliniletea prufu, kurasa za majaribio za kitabu kizima, ili nizipitie kwa makosa ya mwisho kisha Jumatano nizipeleke chini kwa mpangaji kurasa. Amezitia saini ukurasa wa juu. Akasema ananiamini. Neno "amini" lina maelezo mazuri sana kwenye toleo hili, mafupi na safi.

Nikafika herufi N. Nikaliona. "Ngoja kt taz. subiri." Mstari mmoja, mwembamba, umebanwa katikati ya majirani wanene. Nikageuza ukurasa. Nikarudi. Nikageuza tena.

Jioni Shangazi aliniuliza mbona sili. Amekuwa akinikunjia uso kwa kila kitu tangu Alhamisi, anasema ni mazoezi mazuri na wateja wameanza kuleta kitambaa cha kutosha. Nikamweleza kuhusu mstari ule mmoja. Akasema si utarudi toleo lijalo? Miaka inaenda. Usubiri tu.

Hata yeye. Nyumbani kwangu mwenyewe. Usubiri.

Jumatano, 13 Machi

Nimelala vizuri. Nina njaa. Nimekula mikate yote ya Shangazi na nimeomba msamaha.

Niandike kwa utaratibu, maana jambo lenyewe ni rahisi. "Ngoja" limerudi. Maelezo kamili, mifano yote, na jirani mlangoni na fimbo yake. Nimeyaandika pembeni mwa prufu kwa mwandiko wangu wa kusomeka, na mshale mwekundu.

Najua suala la unene. Sijasahau gundi. Nilijua kwamba mistari ikiingia mahali pamoja, lazima itoke mahali pengine, na mpangaji kurasa hajali ni herufi gani, anajali jumla. Kwa hiyo nilipitia kitabu kizima jana na leo asubuhi nikitafuta neno linalokula nafasi ya bure. Neno moja tu, ambalo kweli halina maana yake yenyewe, lililokalia maelezo ya mwenzake bila aibu. Nilikuwa mwadilifu. Nilijaribu maneno mengi na nikayaacha, kwa sababu kila moja lilikuwa na tofauti yake, kama nilivyosema tangu mwanzo.

Mpaka nikafika U.

"Ukaidi." Maelezo marefu mno, mifano mitatu, na herufi za jina la Bi Nukta kwenye kadi yake ya asili, maana aliliandika mwenyewe enzi za ujana wake. Nililipa heshima zote. Nililisoma juu mpaka chini. Hali ya mtu kushikilia jambo asisikie la kuambiwa. Tabia ya kurudia lilelile hata baada ya kuonywa. Nikafungua "msimamo", nikayaweka yote mawili sambamba, nikatafuta tofauti kwa bidii na nia njema. Sikuiona. Ni kitu kimoja. Mtu yeyote mwenye sikio angesema hivyo.

Nilitaka kumuuliza mtu, kama nilivyoahidi. Karani alikuwa amekwenda posta. Nikamuuliza mlinzi, nilipokuwa napita na prufu mkononi, kama ananiona mtu mwenye msimamo. Akasema sana. Basi.

Nikafuta maelezo yote kwa mstari ulionyooka, nikaandika kwa mkono: "ukaidi nm taz. msimamo". Mpangaji kurasa alizipokea kabla ya chai, akaona saini juu, akazipitisha. Mashine zilikuwa zinafanya kazi nilipotoka.